Pumzi ya Stoimen

Mume wangu Stoimen aliimba sauti nzito katika kwaya ya opera hapa mjini Ruse kwa miaka thelathini na moja. Saratani ilipomshika koo, madaktari walimwondolea kisanduku cha sauti, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia. Walimpa na kifaa cha umeme cha kubana shingoni ili aongee. Maneno yalitoka makavu kama ya roboti, akakitupa kwenye droo. Kwa miezi saba nyumba yetu ilikuwa kimya.

Binti yetu Zlatina ni msanii wa sauti. Humrekodi mtu akinong'ona au akimeza mate, kisha huivuta na kuipinda sauti hiyo kwenye kompyuta, hadi ukiwa ukumbini unahisi mtu huyo amekuegemea sikioni. Mwezi wa Machi alikuja kutoka mji wa Sofia. Alikuwa ameunda upya sauti ya baba yake kutokana na kanda za zamani. Akabonyeza, na Stoimen wa zamani akaniambia kahawa iko tayari. Nililia palepale mezani.

Stoimen aliinuka, akafungua droo, akabana kile kifaa shingoni.

"Zima, mwanangu. Huyo ameshaondoka. Mimi niko hapa."

Zlatina alizima, akamwomba radhi. Baadaye akamuuliza kwa upole kama angeweza kumrekodi alivyo sasa.

Aliweka kipaza sauti kidogo kama punje ya dengu karibu na tundu. Pumzi ilisikika ikipiga mluzi, makohozi yakikwaruza. Nilitaka kutoka, lakini Stoimen akanishika mkono. Kwa kile kifaa akanieleza jambo ambalo sikulijua. Asubuhi ya upasuaji nilikuwa nimetoka kununua maji walipokuja kumchukua. Maneno yake ya mwisho kwa sauti yake mwenyewe alimwambia nesi: shuka hili lina baridi.

"Nilikuwa nimekuwekea neno, Donka. Likanibakia."

"Basi liseme."

Akalisema.

Zlatina aliomba kulitumia neno hilo kwenye onyesho lake. Nilikataa, naye hakunishinikiza.

Onyesho lilifanyika mwezi wa Juni katika ghala kuukuu la nafaka kando ya mto Danubi. Watu waliketi sakafuni wamefumba macho. Pumzi ya Stoimen iliyorekodiwa ilikuwa imerefushwa mno, ikawa mvumo wa chini, kama wanaume wengi wanaghani nyuma ya ukuta. Mama mmoja karibu nami alijifuta machozi. Stoimen alisikiliza mpaka katikati, kisha akafungua skafu yake ya shingoni na kuiweka mapajani. Hakuwa amewahi kuacha lile tundu wazi mbele za watu.

Tulipokuwa tukitoka, bwana mmoja alimuuliza Zlatina mwimbaji ni nani. Stoimen akatoa kifaa mfukoni.

"Ni mimi."

Yule bwana alishtuka kidogo, halafu akampa mkono.