Kitasa Kilichomshinda Fundi

Majirani wananionea wivu. Wanasema mume wangu ana mapenzi ya sinema, maana kila kumbukumbu ya ndoa yetu ananipakia kwenye gari tukalale mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hawezi kulala. Tumelala juu ya mti, kwenye chumba cha mbao ambacho kwenda msalani ni kushuka ngazi ya kamba, nami nina magoti ya mama wa watoto wanne. Tumelala ndani ya ndege iliyokatwa mabawa, kitanda kikiwa na mikanda ya abiria, sijui tungeanguka kutoka wapi. Mwaka mwingine tulilala kwenye tenki la maji. Lilikuwa kavu, wakatuhakikishia, na kweli lilikuwa kavu mpaka mvua iliponyesha. Usione vyaelea, vimeundwa, na mapenzi haya yameundwa kwa mgongo wangu.

Mume wangu ni fundi vitasa. Sijaona mlango uliomkatalia. Waliopoteza funguo, waliovunjia ufunguo mlangoni, hata benki iliyojifungia sanduku lake la chuma, wote humjia yeye. Vitasa anaongea navyo kama ndugu zake wa tumbo moja. Watu ndio hawawezi. Siku ya harusi yetu alipewa nafasi ashukuru, akasimama, akafungua mdomo, akaufunga, akakaa, akaendelea kula. Kaka yangu ndiye aliyeshukuru kwa niaba yake. Tangu hapo dada yangu mkubwa, ambaye ukoo mzima unamwita Redio, hajaniacha nikapumua. Tukikutana tu ananiuliza kama domo zege wangu hajambo. Kimya kingi kina mshindo, husema, na wa huyo mumeo bado tunausubiri.

Sitaki unafiki: iliniuma. Nilitaka, mara moja tu kabla sijazeeka, asimame mbele ya dada yangu aseme chochote kunihusu. Hata kwamba najua kupika.

Mwaka huu ndoa imetimiza miaka ishirini na mitano. Binti yetu wa kwanza, ambaye ni mwalimu, na kwa hiyo ni mtu wa kutoa amri, akatangaza sherehe ukumbini Jumapili mchana. Baba atasema maneno machache, akaamuru. Baba akakubali haraka mno. Akaomba tu kwamba Jumamosi twende tukalale mahali kama kawaida yetu, asubuhi tutarudi. Safari hii alichagua gereza.

Lilikuwa gereza la zamani lililogeuzwa nyumba ya wageni. Walikuwa wamepaka kuta rangi ya maziwa na kutundika mapazia ya maua kwenye nondo, kisha wakaweka bei ambayo mfungwa yeyote angeikatia rufaa. Mhudumu alituonya jambo moja. Vitasa ni vile vile vya enzi za wafungwa, mlango ukigonga unajifunga wenyewe, na funguo anazo mwenye nyumba, ambaye Jumapili haji mpaka jioni. Ndiyo maana kila chumba kina kabari ya mbao ya kuzuia mlango. Tusiiguse.

Asubuhi tulikunywa chai, nikarudi chumbani kufunga begi. Mume wangu akaingia nyuma yangu. Nikasikia mlango ukigonga.

"Upepo," akasema.

Dirisha la chumba kile lilikuwa na upana wa kiganja, na nje hata jani halikutikisika. Nikamwuliza kabari iko wapi. Akasema hajaiona. Akapiga magoti mbele ya kitasa, akachungulia, akaguna, akakipuliza, akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu. Kimeliwa na kutu, akasema. Vifaa kaviacha kwenye gari. Itabidi tumsubiri mwenye nyumba, na binti yetu ni mtu mwelewa.

Mganga hajigangi, nikajisemea, nikajitupa kitandani. Kichwa kikagonga kitu kigumu. Chini ya mto ulikuwepo mfuko wake wa ngozi wa vifaa, ule anaokwenda nao mpaka msibani. Kando yake, kabari.

Nilikasirika. Hapo ndipo mti, ndege na tenki vilipojipanga kichwani. Miaka yote hiyo, siku ambayo ndugu wangeweza kukusanyika na kumwomba aseme neno, sisi tulikuwa tunaning'inia mahali. Mapenzi ya sinema! Kumbe nimeolewa na mkimbizi.

Nikamwinulia mfuko auone. "Baba watoto," nikamwambia, "umefungua sanduku la benki. Hiki ndicho kimekushinda?"

Akakaa sakafuni, mgongo mlangoni. "Nikisimama mbele yao maneno yanaisha," akasema. "Kukuaibisha mara ya pili siwezi. Heri waambiwe tumekwama."

Nilikuwa na maneno makali, nimeyatunza miaka na miaka. Nilipomtazama pale chini, nikamwonea huruma, nayo hasira ikabaki haina kazi. Nikakumbuka jambo ambalo nalijua mimi tu: mtu huyu huongea mikono yake ikiwa kazini. Nikamwekea mfuko mapajani.

"Fungua," nikasema. "Na huku unafungua, niambie mimi ulichotaka kuwaambia wao."

Akageuka, akaingiza waya. Mwanzoni aliongea na kitasa tu, akikibembeleza. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Lile kufuli la begi ulilokuja nalo dukani kwangu siku ya kwanza halikuwa limeharibika. Lilikuwa na mchanga tu. Nilikwambia njoo kesho, nikalisafisha ulipogeuka tu kuondoka. Ulipokuja nikakwambia tena njoo kesho. Nilitaka uje."

Kufuli hilo ninalo hadi leo. Nikalishika kwenye mkoba wangu.

"Mama yangu alipougua," akaendelea, "ulimwogesha mpaka siku yake ya mwisho. Nilikuwa nakaa nje, nasikia unavyomchekesha. Nilikuwa nalia, nikashindwa kuufungua mlango ule. Sijakushukuru."

Kitasa kikalia, mlango ukaachia. Yeye hakuinuka. Aliendelea kuzungusha waya kwenye kitasa kilichokwisha kufunguka, akaendelea kusema, na mimi sikumkumbusha. Mengine aliyosema hayawahusu.

Tulifika ukumbini sahani zimekwisha kukusanywa. Binti yetu alikuwa na sura ya mtihani. Redio alikuwa ameshika kipaza sauti, kama ilivyotarajiwa, na akakitoa kwa tabasamu pana akisema sasa tumsikie bwana harusi. Mume wangu akasimama. Akafungua mdomo. Mikono yake ilining'inia mitupu, na ukumbi mzima ukamkodolea macho.

Kufuli lilikuwa ndani ya mkoba, karibu na vidole vyangu. Ningempa alichezee, angesema yote, na dada yangu angemeza ulimi wake mbele ya ukoo. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo tangu harusi. Nikaufunga mkoba. Sikujua kama mimi ni mchoyo wa maneno yake kiasi hicho.

Nikasimama, nikamshika mkono, nikamkalisha.

"Dada," nikasema, "alishasema asubuhi. Nyinyi ndio mmechelewa."

Kisha nikaomba tuletewe chakula, maana mume wangu alikuwa hajala.