Fuko Kwenye Viazi vya Edna

Haya nimeambiwa na Leokadia, Jumapili ya juzi, tulipokuwa tunaosha vyombo kanisani baada ya ibada. Yeye alikuwepo, kwa hiyo naandika kama alivyosema.

Kaka yake, Elisante, anakaa Oxon Hill, Marekani. Mkewe Edna alipanda viazi vitamu nyuma ya nyumba mwezi wa tano, na mwezi wa sita akafariki. Elisante hakulia, wala usiku hakupata usingizi. Alikwenda kazini, akarudi, akamwagilia viazi. Alitaka kitu kimoja tu, vifike mwezi wa kumi vikomae, avile. Vingine vyote alivyovianza Edna vilikuwa vimeshaisha.

Mwezi wa nane fuko akaingia. Udongo ukainuka mistari mistari mpaka chini ya matuta. Elisante amekulia Machame, na kule hata mtoto anajua kwamba fuko ni adui wa viazi. Basi akapinda kijiti, akafunga kitanzi cha kamba, akaweka kipande cha kiazi cha dukani mdomoni mwa shimo. Siku nne kijiti kimepinda vilevile, kiazi kimenyauka.

"Kaka, huyu wa hapa amezoea piza," Leokadia akamwambia.

Hakucheka. Jumamosi asubuhi akachukua jembe. Kwao mtego ukishindwa, unafukua njia ya fuko mpaka unamkuta chumbani kwake. Akaifuata njia, akafukua tuta la kwanza, la pili, mpaka la sita, marando na viazi vikitoka pamoja na udongo. Leokadia amesimama na kikombe cha chai. Chumba hakikuonekana.

Ndipo jirani akasogea kwenye uzio. Anaitwa Jitu, ndilo jina lake kabisa, Mmarekani mweusi, Kiswahili alijifunza chuoni.

"Shikamoo, mzee. Unatafuta nini?"

"Marahaba. Fuko. Anamaliza viazi vyangu."

"Mzee, fuko wa huku hali mizizi. Anakula minyoo."

"Fuko asiyekula viazi? Huyo amesomea wapi?"

"Ni kweli, mzee. Viangalie."

Wakaviangalia. Vilikuwa vimelala juani, vyembamba kama vidole, na hakuna hata kimoja chenye alama ya jino. Jitu akasema pole. Elisante akaitikia asante, kama mtu aliyepishwa njiani.

"Turudishe marando ardhini, kaka? Yatashika."

"Yatashika, halafu baridi itayakuta. Acha."

Akaviokota vyote, vikajaa sufuria moja, tena ile ndogo. Leokadia akavichemsha. Elisante akavila na maganda yake, kimoja kimoja, mpaka vikaisha.

"Vina utamu?" Leokadia akamuuliza.

"Sijui," akasema.

Hakunawa. Alijiegemeza kwenye kochi, mikono ina udongo bado, saa tisa ya mchana, jua linawaka dirishani. Leokadia alikwenda kumletea maji. Aliporudi akamkuta amelala.