Mstari wa Mjomba Gaolathe

Mjomba Gaolathe alikataa katakata kufutiwa hata nukta moja.

"Njia hiyo nimeipita mwenyewe," alisema, huku kaushika ule mtambo wake wa GPS wa tangu enzi anaendesha lori la wachimba visima. "Kila nukta unayoiona hapo, mimi nilikuwepo."

Oarabile alikuwa ameshahamisha nukta zote kutoka kwenye mtambo hadi kwenye programu ya ramani, akaukagua mstari wake kwenye kompyuta. Kutoka Molepolole mstari ulikwenda vizuri tu. Ulipokaribia Salajwe, kwa kina Gorata, msichana aliyetaka kumposa, ukajisokota kama uzi uliokwama kwenye cherehani.

"Mjomba, siku uliyopita huko si ulikuwa unatafuta punda wako waliopotea?"

"Punda nilitafuta, njia nikaipata. Ingiza kwenye simu."

Mjomba ndiye msemaji wa posa. Ukimuudhi, utabaki kapera. Oarabile akaingiza. Shida ni kwamba washenga lazima wafike kabla jua halijachomoza, na wajomba zake Gorata ni watu wa kufunga geti bila hata salamu. Muoaji mwenyewe haendi. Anabaki nyumbani kung'ata kucha.

Basi alfajiri Oarabile akawa anakodolea ramani, akifuata kitone cha simu ya Shangazi Seitebaleng, aliyekuwa ndani ya gari la washenga. Karibu na Salajwe kitone kikazunguka. Kikazunguka tena. Akapiga.

"Shangazi, mko wapi?"

"Muulize mjomba wako! Mti huu nimeshausalimia mara tatu, nikirudi tena utanijibu. Taa za kijiji hizo hapo naziona, hataki kukata kona!"

"Tunafuata ramani!" Mjomba akanguruma kutoka kwenye usukani. "Kaitengeneza kijana msomi, we mama unabisha nini?"

Jua likatoka. Oarabile akajifunika uso. Alimpenda Gorata kuliko alivyowahi kumwambia, na sasa anamkosa kwa sababu ya punda.

Simu ikaita. Alikuwa Gorata.

"Watu wako wamefika. Wamechelewa, halafu wametokea nyuma, kwenye zizi."

"Wamefukuzwa?"

"Wajomba zangu walishaanza kufoka. Mjomba wako kaegemea zizi, akaanza kuita punda kwa majina. Wote wakamjia."

"Baba yako anao punda wa mjomba?"

"Wanamvutia mkokoteni wa maji tangu Pasaka. Eti walikuja wenyewe." Gorata alikuwa anajizuia kucheka. "Sasa wazee wanakunywa chai. Wetu hawataji jua, wenu hawataji punda. Naona nimeshaposwa, wewe!"

Oarabile alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaikuza ramani, akaufuata mstari mpaka mwisho wake. Nukta ya mwisho ilikuwa pale pale, nyuma ya zizi la baba mkwe.

Jioni mjomba aliporudi, alimkuta Oarabile mlangoni anamsubiri.

"Mjomba, ulijua punda wako wapo pale."

"Mimi? Mimi nimefuata ramani yako." Akavua kofia, akaketi, akaomba maji ya kunywa. "Ila na wewe jiulize. Kungekuwa na giza, nani angeziona alama zangu nilizowakata masikioni wale punda, kuwa ni wangu?"