Kobe Chini ya Monasteri

Mdogo wangu aliniulia mtu asubuhi, kabla hata sijamaliza chai. Aliweka karatasi mezani, akashika kisu, akaendelea kumenya viazi kana kwamba hakuna lililotokea. Nikasoma. Nilipofika mwisho nikapiga meza, kikombe kikaruka.

"Umemuua Kobe!"

"Ongeza sauti, Dada. Jirani wa ghorofa ya juu hajakusikia."

Ngoja nieleze, maana asiyejua kazi yetu atadhani tuna wazimu. Mimi na mdogo wangu tunatunga riwaya za kijasusi, kitabu kimoja kwa mikono ya watu wawili. Yeye aliwahi kuishi utawani ujanani, kabla hajatoka, kwa hiyo monasteri, masalia ya watakatifu na siri za maaskofu ni mambo yake. Mimi nina bastola na mipaka inayovukwa kwa pasi za kughushi. Mhusika wake ni mtawa mmoja mkorofi. Wangu ni Kobe, jasusi mzee asiyeharakishwa na mtu. Kila mmoja wetu anamaliza sura yake kwa kumtia mhusika wa mwenzake mtegoni, na mwenzake lazima amtoe kwa vitu vilivyokwisha kuonekana kitabuni. Miujiza hairuhusiwi. Niliwahi kumfungia mtawa wake ndani ya jeneza la askofu, akafungua skrubu kwa ncha ya msalaba wake. Mdogo wangu alininunia kwelikweli, lakini alimtoa.

Naye Kobe ana roho ya paka. Amesukumwa kutoka kwenye treni, amelishwa sumu, ameangushiwa kengele ya kanisa, na siku zote nimemtoa. Wala si kwa ajili ya wasomaji. Kobe anapuliza chai hata ikiwa imepoa. Anakohoa kabla ya kusema uongo. Akifikiri, anaimba kwa pua wimbo mmoja usio na mwisho. Yote hayo ni ya mume wangu, na mume wangu alifariki, huu mwaka wa nne. Nilitoka hospitali kidogo tu kumchukulia shuka safi, niliporudi nikakuta kitanda kitupu. Siku ya mazishi waliniita nimuage. Nikakataa kuingia. Nilikaa nje kwenye kiti cha plastiki, macho makavu, na jioni nikarudi nyumbani nikamwandika Kobe anavuka mpaka. Kwa hiyo mtu asije akaniambia eti ni mtu wa karatasi tu.

"Ulijua Kobe ni nani," nikamwambia mdogo wangu, "na bado umemzamisha kama panya!"

"Nilijua."

"Una moyo wa jiwe, we mtoto!"

Huyo mtoto ana wajukuu. Aliweka kisu chini. "Umesoma kwa hasira, Dada. Rudia ukurasa wa mwisho."

Nikarudia, kwa kumkomoa tu. Chini ya monasteri, kwenye chumba cha makaburi, maji yanapanda. Mtawa amekumbatia kijisanduku chenye mfupa wa mtakatifu, ambao serikali mbili zinaugombania. Mlango wa chuma unafungika kwa ndani tu. Kobe anamsukuma mtawa nje, anaufunga maji yasimfuate. Mtawa anaegemea mlango, anausikia ule wimbo wa puani upande wa pili. Halafu hausikii tena. Sura imeishia hapo.

"Hakuna maiti," nikasema.

"Hakuna."

Katika kazi yetu hilo hata mwanafunzi analijua: pasipo maiti hapana kifo. Na kweli, mfereji wa kutolea maji niliuweka mwenyewe kwenye sura ya pili. Kobe ningemtoa kwa aya mbili, amelowa chapachapa, anakohoa, anadai chai.

"Nimekuachia upenyo," mdogo wangu akasema. "Ukitaka kumtoa, mtoe, sitasema neno. Mimi ni ndugu yako, nilishindwa kuziba pote. Lakini Dada, mumeo hukumtazama, na tangu siku ile unamngoja. Mchapishaji anatualika ng'ambo kila mwaka, unasema baadaye. Ile safari mliyopanga ninyi wawili, utaifanya na nani? Umempeleka Kobe dunia nzima, na wewe hujavuka hata mpaka mmoja!"

Nilitaka kumrushia kiazi. Badala yake nikalia, kilio kibaya, cha kamasi. Hakuniambia nyamaza. Alinisogezea taulo la jikoni linalonuka vitunguu, akaketi karibu yangu, bega kwa bega, mpaka nikamaliza.

Kisha nikavuta kompyuta. Mfereji niliutumia, ila niliuchelewesha. Maji yakapungua polepole, mtawa akarudi na taa, akafungua bawaba za mlango kwa ncha ya msalaba. Kobe alikuwa ameketi, ameegemea ukuta. Nikamwandika uso. Masharubu yaliyolowa, kovu la wembe kidevuni, mdomo wazi kidogo kama mtu aliyekatizwa wimbo. Nilimtazama kwa muda mrefu, na nilimpenda, na alikuwa amekufa. Mtawa akamfumba macho. Akamwambia yote niliyoshindwa kuyasema nikiwa kwenye kile kiti cha plastiki. Halafu akaimba ule wimbo, na kwa kuwa haukuwa na mwisho, akautungia.

Mdogo wangu alisoma amesimama. Akajifuta macho kwa kiganja chenye maganda ya viazi.

"Umemzika vizuri, Dada," akasema. Akapenga kamasi. "Sasa mfupa je? Serikali mbili zinamfukuza mtawa wangu, na kwenye mambo ya mipaka hajui hata a wala be."

"Basi atavuka, na sisi tutaenda tukaone inavukwaje."

Akanitazama kama mtu anayeogopa kufurahi mapema.

"Pasi za kughushi nazijua zote," nikamwambia. "Hebu nieleze, hii halali inaombwa wapi?"

Aliviacha viazi kwenye beseni, akaenda kutafuta viatu vyake kabla sijabadili mawazo.