Chumba cha Mama Chenye Mwangwi

Sifael alitaka kurekodi wimbo alioupenda marehemu mama yake, upigwe siku ya kuweka msalaba kaburini. Alikigeuza chumba cha mama huyo kuwa studio, akanunua maikrofoni mjini Moshi. Kila alipoimba, alisikika kama mtu aliye ndani ya tangi la maji.

"Maikrofoni haina kosa," alisema Gidioni, mpiga kinanda wa kwaya. "Kuta ziko tupu. Zinataka nguo nzito za kunyonya sauti."

Nguo nzito za mama zilikuwapo, ila baada ya matanga ukoo ulizigawana. Sifael akapanda mlimani kwa mama mdogo Magreth.

"Shikamoo, mama mdogo. Naomba kuazima koti la mama nikalitundike ukutani."

"Marahaba. Kitu cha marehemu kikishagawiwa hakirudi kwake, mwanangu."

"Basi nitaimba na mwangwi."

"Sikusema hivyo. Koti halirudi, lakini mimi mwenye koti naweza kuja kukutembelea."

Jumamosi wakaja wanawake wa ukoo, kila mmoja amevaa au kujitanda alichogawiwa. Gidioni aliwapanga ukutani kwa unene wa nguo, mwenye koti kwenye kona, akawakataza kukohoa.

Sifael aliimba. Mwangwi haukuwapo. Chumba kilinukia kabati la mama.

"Imeingia?" aliuliza mama mdogo.

"Imeingia vizuri," alisema Gidioni.

Sifael alisema afadhali warudie. Aliendelea kusema hivyo mpaka jioni, mama mdogo alipokumbusha kwamba ng'ombe wake hawajakatiwa majani.