Amri ya Kushusha Baluni

Wanaume walipopungua mjini Sheffield, Uingereza, kwa ajili ya vita, jeshi la anga lilitukabidhi sisi wasichana mabaluni. Yalikuwa makubwa kuliko lori, yamejaa gesi, kila moja limefungwa juu ya mji kwa waya mmoja wa chuma unaokunjwa na winchi, mashine ya kulipandisha na kulishusha, ili ndege za Wajerumani zisishuke chini kupiga viwanda. Wanaume walisema kazi ile hatutaiweza. Tuliiweza, mikono ikachanika, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuomba radhi.

Kiwanja chetu kilikuwa nyuma ya kanisa la Wamethodisti. Mkuu wetu alikuwa Koplo Muriel Ogden, mfumaji wa kiwandani kabla ya vita, mwenye mdomo kama wembe. Mchana ule tulikuwa tunakula viazi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa, tukasikia ndege.

"Hiyo ya watoto wa chuo," mwenzetu Peggy akasema, kijiko kikiwa mdomoni.

Sote tuliijua sauti ile. Upande wa mashariki kulikuwa na chuo cha wanafunzi wa urubani, na ndege zao za mafunzo, zenye injini mbili za kukoroma, zilipita kando ya mji kila siku. Wanafunzi wenyewe tuliwajua pia. Jumamosi walikuja kucheza dansi kwenye ukumbi wa kanisa, wakatukanyaga vidole na kutudanganya umri wao. Lakini siku hiyo ndege haikupita kando. Ilizunguka, ikaenda, ikarudi chini zaidi. Ilikuwa imepotea, inatafuta ardhi, na ndani ya ukungu ule kulikuwa na nyaya zetu ambazo rubani asingeweza kuziona.

Muriel alinyanyua simu kuomba ruhusa ya kushusha. Makao makuu wakamwambia asubiri.

"Nisubiri nini, afande? Waingie kwenye waya kwanza?" Akasikiliza. "Ndiyo, afande. Nasubiri." Akakata simu, akatugeukia. "Peggy, washa winchi, tunashusha! Tordoff, chukua baiskeli uende kwa Hilda, mwambie naye ashushe. Haya, mbio, mwanangu!"

"Watakufunga, Koplo," Peggy akasema.

"Wanifunge, angalau nitalala. Washa!"

Tordoff ndiye mimi; nilikanyaga pedali mpaka kifua kikawaka. Koplo Hilda Crabtree ndiye aliyekuwa na kiwanja jirani, kwenye uwanja wa mpira wa shule. Nilimkuta kando ya winchi, uso juu, anasikiliza kama sisi. Wasichana wake walikuwa wamekaa tayari, wanamtazama yeye.

"Koplo, Muriel anasema shusha! Ni watoto wa chuo!"

"Amri iko wapi?"

"Hakuna amri. Sisi tunashusha hivyo hivyo."

"Muriel ana moyo wake, nami nina wangu. Mwezi uliopita nilishusha kwa ajili ya radi, sikuuliza mtu. Unajua walinifanya nini? Walinisimamisha mbele ya kikosi kizima, wakanifokea kama mwizi wa kuku. Eti woga wa wanawake ndio utakaouponza mji. Leo nimepiga simu. Wamesema nisubiri."

"Hilda, sikiliza basi! Mjerumani gani anazunguka namna hiyo?"

"Unadhani mimi kiziwi?" Sauti yake ikakatika. "Nasikia, shoga. Nasikia."

Nilitaka kumzaba kibao, na papo hapo nikamwonea huruma. Aliweka mkono kwenye mpini wa winchi, akautoa, akauweka tena. Akaitazama simu bandani. Mngurumo ukawa juu yetu kabisa.

Waya ulilia. Winchi ikaruka, na huko juu kitu kikapasuka. Msichana mmoja, kurutu mgeni kabisa, akarusha kofia yake hewani.

"Tumeiangusha! Tumeiangusha!"

Sikumlaumu. Mafunzoni tulikuwa tumeambiwa tuiombe siku hiyo ifike. Kisha kipande cha bawa kikatoka kwenye ukungu, kikaanguka karibu na goli, na juu yake kulikuwa na alama yetu ya duara, nyekundu ndani ya bluu. Ndege yenyewe iliangukia mtaa wa nyuma. Tuliisikia tu. Yule msichana akakaa chini kwenye matope, mikono kichwani.

Simu ikalia. Hilda akaingia bandani, akaipokea, na mlango ulikuwa wazi.

"Ndiyo, afande." Akasikiliza. "Tushushe baluni. Kuna ndege yetu imepotea. Ndiyo, afande. Amri imepokelewa."

Akatoka. Baluni lilikuwa limekatika, limechukuliwa na upepo, na waya uliobaki ulikuwa umelala ovyo kwenye nyasi.

"Shusheni," akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Koplo," nikamwambia, "hakuna cha kushusha."

"Nimesema shusheni! Si amri imekuja?"

Msichana wa winchi akawasha injini huku analia, na winchi ikaanza kuvuta waya mtupu juu ya nyasi. Hilda alisimama kando yake, wima kama kwenye gwaride, mpaka waya ukaisha.