Waliopanda Ngazi za Kaburi

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu, na anayebisha ashuke Makindu amuulize Ndinda mwenye duka la gemu.

Mzee Mutunga, dereva mstaafu wa lori, alikuwa amejigamba mbele yake, akitazama gemu moja ya kaburi la kale: "Mimi nimelala Tsavo simba wakikoroma chini ya gari. Kaburi la kompyuta litanifanya nini?"

"Haya, Mzee. Ufike kwenye jeneza la mfalme, kule chini kabisa. Ukishindwa, asali yako yote ni yangu."

Ukame ulikuwa umefukuza nyuki. Mwaka huo mzinga wake ulitoa ndoo moja tu. Mdomo ukamponza, akakubali.

Akavaa hedifoni. Kwenye skrini aliona mikono miwili imeshika mwenge, eti ndiyo yake, lakini ilikuwa ya kijana. Akapita lango la mawe. Ngazi zikateremka gizani. Masikioni kuna mtu alikuwa akihema. Mutunga akadhani ni yeye mwenyewe, akabana pumzi. Mtu yule akaendelea kuhema.

"Hodi," akanong'ona, maana huwezi kuingia kwa watu kimyakimya.

Kuhema kukakoma.

Ndinda alikuwa ametoka kununua chai. Aliporudi alimkuta mzee kasogeza kiti mbali na meza, jasho linamtiririka.

"Nimefika! Mfalme kainua kichwa, kaniuliza habari za kwetu Kilungu. Nikamwambia mvua bado. Akanipa mkono, baridi kama spana alfajiri."

"Wacha uongo, Mzee! Hebu tuone ramani."

"Ramani gani tena?"

"Gemu hii huchora kila unapokanyaga."

Akabonyeza. Mstari mwekundu ulitoka langoni, ukagusa ngazi ya kwanza, ukageuka. Ndinda akacheka hadi chai ikamwagika. "Kumbe mfalme alikusalimia mlangoni!"

Kisha akainamia skrini. Kulikuwa na mstari wa pili. Ulianzia jenezani, ukapanda ngazi zote, ukamfuata Mutunga hadi nje ya lango, pale ramani inapoishia.

"Mlicheza wawili?"

"Nilikuwa peke yangu, mama."

Kesho yake, jua la saa sita, Mutunga alileta ndoo. Aliisukuma ndani kwa mguu, yeye akabaki nje.

"Ingia basi, tuonje pamoja."

"Hapana. Ni yote hiyo, sijalamba hata kidole."

Safari hii Ndinda alimwamini.